Kaloleni yastahili kufunguliwa hazina ya utafiti wa tiba

MKAZI wa mtaa wa Kaloleni jijini Nairobi akiambiwa na daktari kwamba ana kisukari, kwanza huuliza jirani, kisha hutoa simu mfukoni. Simu humjibu papo hapo: mizizi hii, unga ule, chai ya majani fulani, pamoja na ushuhuda wa waliopona. Aghalabu anayemjibu ndiye anayemuuzia. Jibu lililopimwa na watafiti na kukaguliwa na wataalamu wenzao kabla ya kuchapishwa liko kwingine, na huko mkazi huyu hana mlango.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya utafiti huo haikutoka mbali. Ng'ambo ya barabara ya Jogoo, mwendo wa miguu kutoka Kaloleni, upo mtaa wa Majengo, Pumwani. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada wamefuatilia huko afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Mnamo 1996, jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa virusi vya HIV licha ya kukabiliana navyo kwa miaka mingi. Wanasayansi wa dunia nzima waliyasoma na kuyajadili. Waliotoa damu yao kwa ajili ya kazi hiyo ni watu wa Eastlands, ila ni wangapi kati ya majirani zao waliowahi kuyaona makala yenyewe?

Majarida mengi ya tiba huonyesha muhtasari tu, kisha humdai msomaji malipo ya dola kabla ya kumfungulia kurasa zilizosalia. Vyuo vikuu hulipia usajili huo kwa niaba ya wanafunzi na wahadhiri wao. Isitoshe, mnamo 2002 Shirika la Afya Duniani (WHO) na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, unaozipa taasisi za nchi zisizo tajiri majarida ya afya bila malipo au kwa bei nafuu. Lakini mpango huo husajili taasisi, si mtu binafsi. Hivyo basi ufunguo ni neno la siri la chuo, na asiye mwanafunzi hubaki nje.

Kaloleni si mtaa usio na maktaba. Mtaa huu uliojengwa katika miaka ya 1940 una tawi la Maktaba ya McMillan, ile iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka wa 1931. Katika miaka ya hivi karibuni tawi hilo limekarabatiwa kupitia ushirikiano wa shirika la Book Bunk na serikali ya jiji, na ni faraja kubwa kwa wanafunzi wa mtaa huo. Kinachokosekana ni kamba ya kuliunganisha na maktaba ya chuo kikuu, hasa ile ya kitivo cha tiba iliyo karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Yapo, hata hivyo, mengi yaliyo wazi ambayo wengi hawayajui. PubMed, ghala la Marekani linaloorodhesha mamilioni ya makala ya tiba, limekuwa bure kwa umma tangu 1997. African Journals Online, yenye makao yake Afrika Kusini, hukusanya majarida ya bara hili. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kimeweka mtandaoni tasnifu za madaktari wanaosomea shahada za juu, nyingi zikihusu wagonjwa wa Kenyatta na Pumwani. Mtu wa Kaloleni anaweza kuzisoma leo, akijua kwamba zipo na akijua kuzisoma.

Kujua kuzisoma ndiko kugumu. Kumbuka Kemron. Mwaka wa 1990 Rais Daniel arap Moi aliutangazia ulimwengu kwamba Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ilikuwa imepata dawa ya kukabiliana na ukimwi, na matumaini yakapaa. Utafiti wa awali ulikuwa umechapishwa, tena katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki. Kasoro ni kwamba haukuwa na kundi la wagonjwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ili matokeo yalinganishwe. Jaribio lililofanywa baadaye nchini Uganda kwa wagonjwa zaidi ya 500, na kwa ulinganisho huo, halikuona manufaa yoyote. Kwa hivyo kuchapishwa pekee hakutoshi: yafaa kuuliza ni wagonjwa wangapi, walilinganishwa na nani, nani aliyegharimia, na je, kuna mwingine aliyerudia jaribio akapata matokeo yale yale?

Maswali hayo mkutubi wa tiba huyafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kila muhula. Sioni kwa nini asiyafundishe Kaloleni Jumamosi moja kwa mwezi. Wapo madaktari watakaonung'unika kwamba mgonjwa aliyesoma nusu huja kliniki na ubishi. Huenda ni kweli, ingawa mgonjwa huyo tayari anakuja na ubishi alioutoa kwenye simu.

Lugha ni kikwazo kingine, tena kizito. Makala haya yote ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha madaktari humshinda hata aliyehitimu kidato cha nne. Chuo kinaweza kudai kwamba kila tasnifu iliyofanywa kwa wagonjwa wa Nairobi iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili, na nakala yake ipelekwe katika maktaba za mitaa ambako wagonjwa hao wanaishi. Gharama yake ni karatasi na saa chache za mwandishi, naye amekwisha kutumia miezi akiwahoji wagonjwa hao hao kwa Kiswahili.