Kununua Nyumba Karibu na Kiwanja cha Serikali



Siku hizi kila tukutanapo, ama wakati wa chai ama siku ya mkutano, neno moja halikosi kutajwa. Mwenzetu amepata mkopo katika chama cha akiba na mikopo, ameonyeshwa nyumba ndogo pembeni mwa Nairobi, naye anauliza: Je, yafaa kuinunua, hali kando yake Serikali imesimamisha bango la kusema kwamba itajenga nyumba za bei nafuu? Wengine humwambia akimbie; wengine humhimiza afanye upesi kabla bei haijapanda. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili hazijaitazama habari yenyewe, na kwa kuwa fedha itakayotumika ni jasho la miaka mingi, twaomba nafasi katika kurasa hizi tutoe shauri letu.

Tuanze na wale waogopao. Husema kwamba watakuja watu wa chini, na ya kuwa thamani ya nyumba itaanguka. Basi tuwaulize, hao watu wa chini ni nani? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imewataja waziwazi. Nyumba za daraja la bei nafuu zimewekewa wenye mapato tangu Shs. 20,000/- hata Shs. 149,000/- kwa mwezi, na walio chini ya hapo wamewekewa nyumba za jamii. Karani yumo humo. Mwalimu yumo, muuguzi yumo, na askari pia. Tena kila mwezi mshahara wetu hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba hizo, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Apataye Shs. 60,000/- hutoa Shs. 900/-. Ni ajabu kubwa mtu kulipia nyumba kisha kumwogopa atakayeikaa, naye huenda akawa ni ndugu yake au ni yeye mwenyewe.

Tusisahau tulikotoka. Babu zetu walikaa Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni, mitaa iliyojengwa zamani za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, mji ulipokuwa umegawanywa kwa rangi za watu. Walidharauliwa kwa sababu ya mahali walipolala. Haitupendezi leo mjukuu wa mtu wa Kaloleni aseme maneno yale yale juu ya jirani yake.

Na katika jambo la thamani, hofu hiyo haina msingi imara. Wataalamu wawili wa Marekani, Rebecca Diamond na Tim McQuade, walichapisha uchunguzi wao mwaka 2019. Waliona ya kuwa nyumba za bei nafuu zikijengwa katika mtaa wa watu wenye kipato kidogo, bei za nyumba zilizo karibu sana hupanda kwa kiasi cha asilimia 6.5, zikijengwa katika mtaa wa wenye nacho, hushuka kwa kiasi cha asilimia 2.5. Marekani si Kenya, na hesabu zao hatuwezi kuzihamisha kama zilivyo. Walakini zatufundisha neno moja: mambo hutegemea mahali penyewe palivyokuwa kabla ya ujenzi.

Sasa twageukia wale watumainio, maana hao ndio wenye hatari iliyo kubwa zaidi. Wao husikia "Serikali itajenga" wakafahamu "Serikali imejenga". Mwenzetu mmoja alinunua nyumba kwa ajili ya bango. Dalali aliongeza bei akisema barabara ya lami yaja, na maji yaja, na soko laja. Mwenzetu akalipa bei ya lami, bei ya maji na bei ya soko. Leo ni mwaka wa nne, bango limepauka kwa jua, na katika kile kiwanja mbuzi wanalisha. Mkopo, hata hivyo, hukatwa kila mwisho wa mwezi bila kukosa.

Wala jambo hilo si geni. Mpango wa kuitengeneza mitaa ya mabanda ulizinduliwa mwaka 2004, na nyumba 822 za Soweto East katika Kibera zilikabidhiwa wenyewe mwaka 2016. Mwaka 2017 Serikali iliahidi nyumba 500,000 kwa muda wa miaka 5, na hesabu hiyo haikufikiwa hata kwa mbali. Hatusemi kwamba hapana kitu kinachofanyika. Mwezi wa Mei, 2025, nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa watu katika Mukuru, ambako hesabu yote iliyokusudiwa ni nyumba 13,248. Nyumba hujengwa, lakini ni nani awezaye kukuambia kwamba hizi zilizo kando ya ua wako zitakwisha mwaka gani?

Kwa hiyo, ndugu, kabla hujatia mkono wako katika karatasi, yafaa uyachungue haya.

Kwanza, hati ya ardhi. Nenda wewe mwenyewe, au wakili wako uliyemchagua wewe, mkaitafute katika ofisi ya ardhi. Usitosheke na nakala aliyoileta muuzaji. Palipo na ardhi ya umma, mipaka huwa na maneno. Mwaka 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, na mwaka 2023 zikabomolewa Mavoko katika ardhi ya kiwanda cha saruji, na wengi wa waliobomolewa walikuwa na karatasi mkononi. Mlete mpimaji aliyeandikishwa akuonyeshe mawe ya mpaka.

Pili, ramani. Uliza katika ofisi ya mipango ya kaunti barabara itapita wapi, na mfereji wa maji machafu utapita wapi. Tazama Gazeti la Serikali kama kuna tangazo la kutwaa ardhi. Yawezekana njia ya kuingilia kwenye nyumba hizo mpya ni ua wako.

Tatu, maji. Bomba lisilotosha nyumba mia leo halitatosha nyumba elfu mbili kesho, isipokuwa limeongezwa. Waulize wakaao pale maji hutoka siku ngapi kwa juma. Jibu la mama mmoja mwenye mtungi lina faida kuliko maneno kumi ya dalali.

Nne, na hili wengi hulisahau, kodi. Ikiwa wanunua ili upangishe, kumbuka ya kuwa katika Mukuru mtu aweza kupata chumba chake kwa kulipa Shs. 3,900/- kwa mwezi, na mwisho wa miaka kikawa mali yake. Mpangaji wako akijaliwa hicho, atabaki kwako kwa sababu gani? Akifurahi yeye, mkopo wako utalipwa na nani?

Kipimo chetu, basi, ni hiki. Fikiri kwamba kile kiwanja kitabaki majani miaka 15: je, nyumba hiyo, kwa bei hiyo, yakufaa wewe na watoto wako? Kisha fikiri kwamba mwakani yatasimama majengo ya ghorofa nyingi, yenye vumbi, malori na watu maelfu: je, bado yakufaa? Ukijibu ndiyo mara mbili, nunua, na Mungu akubariki. Ukijibu ndiyo mara moja tu, hapo unacheza kamari kwa fedha ya karo ya watoto. Na kama huna haraka, jiandikishe mwenyewe kwa nyumba zile, uweke akiba itakiwayo; maana ni haki yako kama ya mwingine.

La mwisho ni la chama chetu. Mradi kama huu haupaswi kujengwa kabla wananchi hawajaulizwa maoni yao. Mara nyingi viti vya makarani huwa vitupu siku hiyo, kisha twanung'unika ofisini mwaka mzima. Twapenda kila tawi lichague watu wawili wa kuhudhuria mikutano hiyo, waulize habari za maji, za shule na za njia, nao waandike majibu na kuyaleta katika ukurasa huu. Karani kazi yake ni kuandika yaliyosemwa na kuyahifadhi. Kazi hiyo twawafanyia wengine kila siku. Si vibaya tukijifanyia wenyewe mara moja.