Msaidizi wa Kisheria Husoma Nini Chuoni?

Kila mara matokeo ya mitihani ya Senior Four na Senior Six yatangazwapo, wazazi walioko kambini na katika laini za polisi huanza kupiga hesabu. Wa kwanza apelekwe kusomea uuguzi, wa pili ualimu, na wa tatu, yule apendaye kubishana, aambiwe akasome sheria. Lakini njia ya uwakili ni ndefu na ina gharama kubwa. Hudai shahada ya miaka minne chuo kikuu, kisha mafunzo ya kazi katika Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ndipo mtu aandikishwe kuwa wakili. Wazazi wengi hawajui kwamba pembeni mwa barabara hiyo kuu ipo njia fupi zaidi, nayo humtoa mtu anayehitajiwa mno na raia wa kawaida, yaani msaidizi wa kisheria.

Juma hili tutazame mtu huyu hufundishwa nini. Mzazi alipaye karo yampasa ajue analipia kitu gani. Na askari atakayekutana naye mlangoni pa mahabusu yamfaa ajue mgeni huyo amekuja na elimu ya namna gani.

KAZI NA MIPAKA YAKE

Msaidizi wa kisheria humweleza mtu haki na wajibu wake kwa lugha anayoielewa, humsaidia kujaza fomu na kuandika barua, hupatanisha wagombanao panapofaa kupatanishwa, humwelekeza mwenye shida kwenye ofisi ipasayo, na katika ofisi ya mawakili hutafuta vifungu vya sheria na kupanga majalada. Hasimami mahakamani kumtetea mshitakiwa. Kazi hiyo ni ya wakili aliyeandikishwa, na somo la kwanza katika chuo chochote cha maana ni kuijua mipaka hiyo. Msaidizi ajiitaye wakili na kupokea fedha za watu kwa jina hilo huvunja sheria ileile anayodai kuitumikia.

Majirani zetu wameipa kazi hii nafasi katika vitabu vyao vya sheria. Kenya ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, na Tanzania Bara ikatunga yake mwaka 2017; zote mbili huwatambua wasaidizi wa kisheria. Huko Malawi, tangu mwaka 2000, wasaidizi hawa walianza kuingia magerezani kuwafundisha mahabusu namna kesi inavyokwenda, ili mtu asiyeweza kumlipa wakili aweze walau kujieleza mbele ya hakimu. Mfano huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo.

MAHALI PA KUSOMA

Hapa Uganda chuo kinachojulikana zaidi ni Kituo cha Maendeleo ya Sheria, ambacho wengi hukiita LDC, kilichoanzishwa mwaka 1970 jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Baadaye kilipata matawi kama vile Mbarara na Lira, jambo ambalo ni nafuu kwa jamaa wa askari walio mbali na mji mkuu. Pamoja na mafunzo ya mawakili, hutoa pia Stashahada ya Sheria, ambayo imewafaa makarani wa mahakama, maofisa wa polisi na watumishi wengine wa serikali. Vyuo vingine navyo hufundisha masomo ya namna hiyo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi aulize kama chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Cheti kisichotambuliwa hakimpatii mtoto kazi, na karo ikishalipwa ni vigumu kurudi.

MASOMO YENYEWE

Masomo huanzia kwenye Katiba ya mwaka 1995, kwa kuwa ndiyo mama wa sheria zote za nchi. Mwanafunzi hujifunza kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa, asipoachiliwa mapema, hana budi kufikishwa mahakamani kabla ya kupita saa 48. Kwamba huhesabiwa kuwa hana hatia hadi mahakama ithibitishe kinyume chake au yeye mwenyewe akiri kosa. Na kwamba mwenye kushitakiwa kwa kosa la adhabu ya kifo au kifungo cha maisha ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali.

Hufuata sheria ya jinai na mwenendo wa mashauri yake. Hapa ndipo mwanafunzi hufundishwa kutofautisha mambo ambayo watu huyachanganya kila siku. Dhamana ya polisi hutolewa kituoni, na hailipiwi. Dhamana ya mahakama hutolewa na hakimu au jaji, ambaye aweza kuagiza fedha ziwekwe. Nazo hurudishwa iwapo mshitakiwa ametimiza masharti yake hadi mwisho wa shauri. Ni familia ngapi zimeuza mbuzi kulipia kile ambacho sheria hukitoa bure! Msaidizi mmoja mwenye kuijua tofauti hii aweza kuiokoa nyumba nzima na madeni.

Somo la tatu ni sheria ya ushahidi, nalo lawahusu polisi moja kwa moja. Kwa sheria ya Uganda, ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halikubaliki mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya ofisa wa cheo cha Mkaguzi Msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Tena mahakama zimesisitiza kwamba maneno ya mshitakiwa yaandikwe kwa lugha aliyoisema, kisha ndipo yafasiriwe kwa Kiingereza. Kesi ya wizi wa kutumia silaha iliyopelelezwa kwa miezi mingi yaweza kuanguka kwa sababu konstebo, kwa bidii yake, alipokea ungamo ambalo cheo chake hakimruhusu kulipokea. Kwa hiyo somo hili humlinda mshitakiwa, na papo hapo huilinda kazi ya mpelelezi mwaminifu isiende bure.

Yapo pia masomo ya mikataba, ya ardhi, ya madai, ya kazi na ajira, na ya ndoa na watoto. Lakini kwa wasomaji wa ukurasa huu hakuna linalogusa nyumba kama somo la mirathi.

HESABU YA MIRATHI

Tuchukue zoezi ambalo mwanafunzi aweza kupewa darasani. Sajini amefariki bila kuacha wosia. Ameacha mke, watoto watano, mama mzee aliyekuwa akimtegemea, na mrithi wa kimila aliyeteuliwa na ukoo. Tuseme kwamba, ukiondoa nyumba waliyokuwa wakiishi, mali yake ina thamani ya shilingi 40,000,000. Ndugu wa marehemu wamekwisha kufika, na mmoja wao anaomba funguo.

Mwanafunzi hana ruhusa ya kujibu kwa huruma tu. Sharti ajibu kwa sheria. Sheria ya Mirathi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, humpa mjane sehemu 20 katika kila 100, watoto sehemu 75, wategemezi sehemu 4 na mrithi wa kimila sehemu 1. Basi mjane atapata shilingi 8,000,000. Watoto 30,000,000, ambazo ni 6,000,000 kwa kila mmoja iwapo wamegawana sawa. Mama mzee 1,600,000. Na mrithi wa kimila 400,000. Marehemu angekuwa na wake wawili, wangegawana zile 8,000,000. Nyumba ya familia haiingizwi katika mgawo huo, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai.

Kisha mwalimu huuliza: mjane aanzie wapi? Jibu lataka mpangilio. Apate cheti cha kifo. Jamaa wakutane, na mkutano wao uandikwe. Ipatikane barua ya mwenyekiti wa LC1. Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi itaarifiwe, itoe cheti cha kutokuwa na pingamizi. Ndipo maombi yapelekwe mahakamani ili apatikane msimamizi wa mirathi. Naye akishapewa mamlaka, ana miezi 6 ya kuwasilisha orodha ya mali, na mwaka 1 wa kutoa hesabu jinsi alivyoigawa. Msimamizi ni mtunzaji tu wa mali ya wengine. Cheo hicho hakimfanyi kuwa mwenye mali.

Mjane asiyezijua hatua hizi huweza kuzunguka mwaka mzima toka ofisi moja hadi nyingine, watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Akimpata mtu wa kumwandikia barua ya kwanza na kumwonyesha mlango wa pili, safari yake hufupika. Thamani ya kozi hii ipimwe hapo.

KALAMU, LUGHA NA SIRI

Nusu ya masomo haya ni ya mkono na sikio. Mwanafunzi hujifunza kumsikiliza mtu alaye bila kumkatiza, kuandika tarehe, mahali na majina bila kuongeza chumvi, kutayarisha hati ya kiapo, na kutunza jalada lisipotee karatasi. Mtoto aliyelelewa na askari ana akiba hapa, kwani amemwona babaye au mamaye akijaza daftari la matukio na kuhesabu vifaa kabla ya kukabidhi zamu.

Lugha nayo ni chombo cha kazi. Mahakama zetu huandika kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza hakiepukiki. Hata hivyo marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, nacho tangu zamani ni lugha ya jeshi na polisi. Kijana awezaye kulieleza neno la hakimu kwa Kiswahili safi, na pia kwa lugha ya kijijini kwake, ana mtaji ambao haukununuliwa chuoni.

Mwisho huja somo la maadili. Siri ya mwenye shauri haitembei sokoni wala kwenye mstari wa maji kambini. Msaidizi hawasaidii mlalamikaji na mlalamikiwa katika shauri moja, wala hamwahidi mtu kwamba atashinda.

SHAURI KWA WAZAZI

Mkiamua kumpeleka kijana, tazameni mambo matatu. Kwanza, je, ana subira ya kusoma na kuandika? Kupenda kubishana pekee hakutoshi. Mwenye kelele nyingi huchoka mapema na vitabu vya sheria. Pili, je, chuo kina mazoezi? LDC, kwa mfano, ina ofisi ya msaada wa kisheria kwa wasiojiweza, ambamo wanafunzi hukutana na watu wenye matatizo ya kweli. Tatu, tengeni karo ya kozi nzima kabla ya kuanza. Uhamisho wa askari huja bila hodi, na mwanafunzi aliyekatishwa katikati hurudi nyumbani bila cheti.

Wala kozi hii si ya vijana peke yao. Mke wa askari aliyemaliza shule, askari anayekaribia kustaafu, konstebo atakaye kupanda cheo, wote waweza kunufaika nayo. Na ikiwa karo haipatikani mwaka huu, anza na kilicho karibu. Tafuteni nakala ya Katiba, msome sura ya nne, ihusuyo haki za binadamu, ukurasa mmoja kila jioni, mzazi akisoma na mtoto akieleza alichoelewa. Mtakapoimaliza mtakuwa mmekwisha kujua kama mnaye msaidizi wa kisheria nyumbani, au mtafute kazi nyingine impasayo.