Uso Kunyooka, Kiungo Kusahauliwa

Aghalabu mtu mwenye uso wa upogo humwendea daktari kwa haja moja: kidevu kirudi katikati na meno yakutane sawasawa. Haja hiyo haina lawama. Hata hivyo, upasuaji wa kurekebisha taya hauishii kidevuni. Mbele ya kila sikio pana kiungo ambamo kichwa cha mfupa wa taya la chini huzunguka na kuteleza, huku gegedu jembamba likitenga mfupa na mfupa. Maadamu taya la chini ni mfupa mmoja, kiungo cha upande huu hakiguswi pasi na mwenzake kuhisi.

Katika mbinu iliyoenezwa na Hugo Obwegeser tangu miaka ya 1950, mfupa huo hupasuliwa pande zote mbili, sehemu yenye meno ikasogezwa, kisha vipande vikafungwa kwa skrubu na vibamba. Penye upogo, upande mmoja husogezwa zaidi ya mwingine. Hapo vipande vya nyuma, vilivyobeba vichwa vya kiungo, huweza kuzungushwa au kusukumwa kando. Mara nyingi mwili huyazoea mabadiliko hayo, mfupa ukajiunda upya taratibu. Wapo wanaopata nafuu ya maumivu na mlio wa taya, wapo wasiobadilika, na wachache huanza kuumwa baada ya upasuaji, au kichwa cha mfupa kikalika polepole hadi mkutano wa meno ukaharibika tena.

Isitoshe, pengine kiungo chenyewe ndicho chanzo cha upogo. Kichwa cha upande mmoja huweza kuendelea kukua ilhali mwenzake umekoma, au kikadumaa kwa jeraha la utotoni. Taya likinyooshwa kabla ya ukuaji huo kutulia, uso huweza kupinda tena. Ndiyo maana kioo hakitoshi kuwa hakimu. Hapana budi kiungo kichunguzwe kabla na baada ya upasuaji.

Wako watakaodai kwamba kumweleza mgonjwa haya ni kumtia hofu. Dai hilo ni dhaifu, kwani idhini isiyo na maarifa si idhini. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa, pale inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kwa wengi lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini 'kiungo' humaanisha pia mkono, mguu, hata kikolezo cha mchuzi. Daktari akilitamka bila ufafanuzi, mgonjwa huweza kuitikia asichokielewa. Wanaisimu na wanafunzi wa istilahi wasingoje kualikwa hospitalini. Waketi na madaktari, wakubaliane maneno, wayaandike kwenye fomu za idhini.

Wahenga walionya kuhusu uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Uso ulionyooka usiwe mkakasi: mwenye taya ana haki ya kujua, kabla ya kisu, hali ya kiungo kitakachomwezesha kutafuna na kusema.