Afya Yetu: Tumbo Halikuja kwa Siku Moja



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitambi. Usicheke. Kitambi ninachokizungumzia si cha mtu mwingine. Ni changu mwenyewe.

Zamani nililima kwa jembe la mkono. Nilikwenda shamba kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mwili wangu ulikuwa mkakamavu. Kisha nikafungua duka dogo hapa kijijini. Nikanunua pikipiki. Shamba nikawaachia vibarua. Kutwa nzima nikawa nimekaa kwenye kiti nyuma ya meza ya duka. Lakini sahani yangu ya ugali haikupungua. Ilibaki ile ile ya mtu anayelima.

Tumbo likaanza kutoka. Watu walinisifu. Walisema, "Umenawiri, ndugu. Duka linalipa." Nami nilifurahi. Nilidhani unene ni dalili ya maisha mazuri.

Mwaka 2021 kaka yangu mkubwa alianguka uani asubuhi. Ilikuwa kiharusi. Alikuwa na shinikizo la damu, yaani presha, wala hakujua. Yu hai mpaka leo, namshukuru Mungu. Lakini mkono wake wa kulia haushiki kitu. Yeye alikuwa seremala. Sasa msumeno wake umening'inia ukutani, na shemeji ndiye anayemlisha.

Hata hivyo sikwenda kupima. Niliogopa. Nilikwenda mwezi Januari mwaka 2024, kichwa kilipoanza kuniuma kila siku. Presha yangu ilikuwa 168 kwa 102. Mganga wa zahanati alisema mpaka ni 140 kwa 90. Ukipimwa mara kadhaa na kukuta umefika hapo au umezidi, una ugonjwa. Uzito wangu ulikuwa kilo 94. Alinipa vidonge. Kisha akaniambia, "Vidonge peke yake havitoshi. Punguza mwili."

Nilirudi nyumbani nikimfikiria kaka.

KIPIMO CHA KAMBA

Mganga alinifundisha kipimo kimoja. Hata wewe unaweza kukifanya nyumbani. Hakihitaji mizani wala fedha.

Chukua kamba. Simama wima, mtu akupime kutoka kisigino mpaka utosini. Kata kamba hapo. Sasa ikunje mara mbili, iwe nusu. Izungushe nusu hiyo kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Usivute tumbo ndani. Je, ncha za kamba zinakutana? Kama zinakutana, vizuri. Kama hazikutani, una mafuta mengi tumboni.

Mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi. Yamezunguka ini na matumbo. Huleta presha, kisukari na magonjwa ya moyo.

Kwangu mimi ncha za kamba ziliachana shibiri nzima.

Kipimo hiki ni cha watu wazima, wanaume kwa wanawake. Si cha mama mjamzito.

NILIANZA, NIKASHINDWA

Siku ya kwanza nilikuwa na ari kubwa. Nilisema sitakula ugali tena. Nilisema nitakimbia kila alfajiri mpaka mto ulipo. Siku ya tatu magoti yalivimba. Siku ya tano njaa ilinizidi. Usiku nikaamka nikala kiporo cha watu wawili. Nikasema, "Mimi siwezi."

Baada ya mwezi nilianza tena. Nikashindwa tena. Mara hii nilikwenda kwa mganga nikamweleza. Hakunigombeza. Aliniuliza, "Tumbo hili lilikuja kwa muda gani?" Nikasema, miaka kumi. Akasema, "Basi kwa nini unataka liondoke kwa wiki moja?"

Aliniambia inatosha mtu kupunguza nusu kilo kwa wiki, na isizidi kilo moja. Tena akanipa moyo. Alisema si lazima niwe mwembamba kama kijana. Mtu wa kilo 94 akipunguza kilo tano tu, presha na sukari huanza kuwa nafuu. Maneno hayo yalinisaidia. Kilo 20 zilinitisha. Kilo tano niliziona zinawezekana.

NILIANZA NA SUKARI

Sikuacha chakula. Nilibadili mambo machache, moja baada ya jingine.

La kwanza ni sukari. Nilikuwa nikitia vijiko vinne vidogo katika kikombe cha chai. Kwa siku nilikunywa vikombe vitatu. Hivyo ni vijiko 12. Mimi ni mwenye duka, nina mizani. Nilipima sukari ninayokunywa kwa mwezi. Ilikaribia kilo moja na nusu, kwa chai tu! Na chupa moja ya soda ina vijiko vinane au tisa. Nikapunguza kijiko kimoja kila wiki. Sasa ninakunywa chai bila sukari, na soda naiuza tu.

La pili ni sahani. Nusu ya sahani ni mboga za majani. Robo ni ugali au wali. Robo ni maharage, kunde, samaki au nyama. Maharage na mboga hukaa tumboni muda mrefu. Huondoa njaa.

La tatu ni mafuta ya kupikia. Gramu moja ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi kuliko gramu moja ya unga au sukari. Mke wangu alikuwa akimimina kutoka kwenye chupa. Sasa anapima kwa kijiko. Chumvi nayo tumeipunguza kwa ajili ya presha. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika mchuzi.

Pombe nayo hunenepesha. Anayekunywa ahesabu na hiyo.

MIGUU IKARUDI KAZINI

Sikukimbia tena. Nilitembea. Wataalamu wa afya duniani wanashauri mtu mzima atumie angalau dakika 150 kwa wiki katika mazoezi ya wastani. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Tembea kwa haraka hata uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba.

Kutoka nyumbani mpaka dukani kwangu ni dakika 15. Nilikuwa nikienda kwa pikipiki! Nikaiacha. Kwenda na kurudi ni nusu saa. Sikuhitaji kutafuta muda mwingine. Siku ya Jumamosi nashika jembe katika bustani ya mboga.

Ndugu mkulima, wewe unayelima kutwa kwa jembe, huna haja ya kutafuta mazoezi. Unayo tayari. Nasema na sisi tulioliacha jembe.

NAMNA YA KUTOKUKATA TAMAA

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kuanza si kazi. Kazi ni kuendelea. Haya manne yamenisaidia.

Kwanza, chupa. Nimeweka chupa tupu dirishani. Kila siku ninayotembea, natia punje moja ya mahindi. Siku nikikosa, sitii. Kuna siku moyo unasema, "Leo acha." Kisha naitazama chupa. Nasema, punje zote hizi nimeziweka mimi. Wewe unayejua kuandika, tumia daftari. Andika tarehe na dakika ulizotembea. Hayo ndiyo matunda ya kisomo.

Pili, kukosa siku moja si kushindwa. Zamani nikila sana harusini, nilisema nimeharibu, basi niendelee kula. Sasa nakula harusini, na kesho yake narudi kwenye utaratibu wangu. Nimejiwekea sheria: kukosa siku moja ni bahati mbaya, siku mbili mfululizo ni uvivu. Lakini kama ninaumwa, napumzika.

Tatu, wenzako. Jirani yangu naye ana kisukari. Tulianza kutembea wawili. Sasa tuko watano, na wawili ni akina mama. Mtu akichelewa, tunapita kwake na kubisha hodi. Si rahisi kulala wakati wenzako wamesimama mlangoni. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo pamoja. Njia ile bado inafaa.

Nne, maneno ya watu. Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko njaa. Nilipopungua kilo sita, minong'ono ilianza. "Mwenye duka amekonda. Ana nini?" Wengine walisema duka limefilisika. Wengine walisema nina UKIMWI. Mke wangu aliulizwa kisimani kama ananinyima chakula. Alirudi akilia. Akaniambia, "Baba, rudisha mwili wako. Unaniaibisha."

Siku hiyo nilitaka kuacha. Badala yake nilimwomba twende pamoja zahanati. Mganga alinipima mbele yake. Presha ilikuwa imeshuka. Akamweleza habari zote. Tukiwa njiani mke wangu alisema, "Shemeji analisha mume wake kwa kijiko. Mimi sitaki kukulisha." Kutoka siku hiyo yeye ndiye anayenikumbusha kutembea. Kisimani akiulizwa, hujibu, "Mume wangu anafukuza kiharusi."

Basi ndugu, ukianza kazi hii, waeleze watu wa nyumbani mapema. Usifanye siri.

AKHWARI WA MBULU

Siku nikichoka namkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania kutoka Mbulu. Mwaka 1968 alikimbia mbio ndefu za marathoni katika michezo ya Olimpiki huko Mexico. Njiani alianguka akaumia goti. Walimfunga bendeji. Wengi walidhani ataacha. Mshindi alikwisha kufika zaidi ya saa moja, na giza lilikuwa linaingia, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea. Alifika wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma amalize.

Mimi si mwanariadha. Lakini natambua kwamba yeye hakushindana na mshindi. Alikuwa anamalizia mwendo wake. Nawe usishindane na jirani anayepungua haraka. Maliza mwendo wako.

TAHADHARI

Kama unatumia dawa za kisukari, mwone mganga kabla ya kupunguza chakula. Sukari inaweza kushuka mno ukaanguka. Usiache vidonge vya presha kwa sababu umejisikia vizuri. Mganga ndiye atakayesema.

Ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikubana, acha zoezi na uende hospitali mara moja.

Mama mjamzito asijipunguze. Watoto wasipunguziwe chakula kwa sababu baba ana kitambi.

Usinunue dawa za kuondoa tumbo zinazouzwa mnadani. Huwezi kujua zimetiwa nini.

Na kama unakonda wewe mwenyewe bila kujaribu, hiyo si sifa. Nenda ukapime kifua kikuu, kisukari na magonjwa mengine.

NILIPOFIKA

Mwezi Januari mwaka 2025 ulitimia mwaka mmoja. Uzito wangu ulikuwa kilo 83. Presha ilikuwa 134 kwa 84, na bado natumia vidonge. Ncha za kamba zilikuwa bado hazikutani. Ziliachana upana wa kiganja. Lakini hapo mwanzo ilikuwa shibiri nzima. Kamba hiyo nimeitundika karibu na chupa yangu ya mahindi.

Jumapili huenda kumtazama kaka. Nakwenda kwa miguu, mwendo wa saa moja. Juzi alinitazama nilipokuwa nakaa. Maneno yake hutoka kwa shida. Alisema, "Tembea. Tembea na sehemu yangu."

Haba na haba hujaza kibaba. Kesho, ndugu msomaji, tafuta kamba yako. Kisha tafuta chupa. Tutaonana mwezi ujao.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini watu wengi husifu unene? Je, ni sawa?

2. Katika kijiji chetu, ni kazi gani zilizokuwa za miguu ambazo sasa hufanywa kwa pikipiki?

3. Pimeni sukari mnayotia katika chai nyumbani kwenu kwa wiki moja. Ni kiasi gani? Inagharimu shilingi ngapi?

4. Jirani yako akipungua mwili, utamwambia nini?

5. Ni nani katika kikundi chenu hajapima presha? Mtakwenda naye lini?