Tope la Kayelekera na Wajukuu wa Wajukuu

Hoja za wanaotetea mgodi wa urani wa Kayelekera mlizisikia Lilongwe, nami nilizisikiliza hadi mwisho. Amueni wenyewe.

Wanasema tope linalobaki baada ya kutoa urani Kayelekera, kule Karonga, ni udongo uleule unaorudishwa ulikotoka. Sivyo. Mwamba umesagwa ukawa laini kama unga. Urani imetolewa, lakini takriban asilimia 85 ya mionzi imebaki, na thoriamu 230 iliyomo huchukua miaka 75,000 hivi kupungua nusu. Ndani ya mwamba ilikuwa imefungwa; ndani ya tope haijafungwa. Bwawa la tope hilo likivuja, maji yatafuata mto Sere, yaingie Rukuru Kaskazini, kisha Ziwa Malawi.

Wanasema pia kwamba uzio, mabango na walinzi vitatosha. Hapa sisi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tuna ushahidi. Wengi wetu tumetoka Kongo, na Kongo kuna Shinkolobwe, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Wabelgiji waliziba mashimo yake kwa zege kuelekea uhuru wa 1960. Miaka 40 haikupita, wachimbaji wadogo wakawa ndani wakitafuta kobalti. Januari 2004 rais akaamuru pafungwe. Julai mwaka huohuo pakaporomoka juu ya watu waliokuwa bado wanachimba. Zege halikuwazuia, wala amri ya rais.

Mabango nayo yanahitaji msomaji anayekumbuka. Dzaleka ilikuwa gereza la utawala wa Kamuzu Banda, na jina lenyewe hufasiriwa kuwa “sitarudia tena”. Kambi ilianza 1994. Mwulize leo mtoto aliyezaliwa hapa Dzaleka ni nini: atakuonyesha foleni ya madumu ya njano bombani. Onyo lilikuwa ndani ya jina, na kizazi kimoja kimetosha kulisahau. Mgodi wa Kayelekera wenyewe ulifunguliwa 2009, ukasimama 2014, ukabadilisha mmiliki 2020. Ni mlinzi gani huyo tunayeahidiwa kwa maelfu ya miaka?

Hoja ya mwisho ndiyo inayoniuma. Kwanza walisema hatuna deni kwa watu wa vizazi vya mbali, kwa kuwa hatuwezi kujua watakuwa nani wala watahitaji nini. Dakika chache baadaye wakasema tusihofu, watu haohao watakuwa na teknolojia ya kusafisha. Ikiwa hawajulikani, ujuzi wao umejulikanaje? Na ikiwa tunawajua kiasi cha kuwaachia kazi, basi tunawajua kiasi cha kuwaomba ruhusa, na hakuna aliyewauliza.