Mtoto wa inje hana kosa, baba aseme kweli angali mzima

Wandugu wachimbaji, na ninyi ba mama munaobaki na nyumba, leo tuseme juu ya jambo ambalo kila mtu analijua na kila mtu analifunika: nyumba ya pili, ile tunaita deuxième bureau.

Zamani za Union Minière, tangu miaka ya 1920, kampuni ilianza kuleta wafanyakazi kambini pamoja na bibi zao. Haikufanya vile kwa huruma, ilitaka watu wasikimbie kazi. Lakini posho ilihesabiwa kwa bwana, bibi na watoto, na jina la kila mtoto lilikuwa mu kitabu. Leo bwana anafanya majuma kule Fungurume ao Kolwezi, familia inabaki Lubumbashi. Upweke ni kweli. Lakini upweke haulazimishe mtu kudanganya.

Uongo unaanza kidogo kidogo. Kwanza bulletin de paie haifike tena nyumbani. Halafu prime "haikutoka". Halafu deni kwa Banque Lambert, juu mshahara moja haiwezi kujaza sufuria mbili. Bwana anakuwa mkali, anagombeza watoto bure. Bibi anafikiri ni uchovu wa kazi, kumbe ni zamiri inayomchoma.

Siku moja bwana anakufa. Pale kwenye kilio anafika mama mwingine na watoto wawili, sura ya marehemu kabisa. Familia zinaanza kugombana. Sisi wa sendika tunaitwa kufuata décompte final, tunafungua dosye: majina ya wale watoto hakuna.

Sasa, sheria inasema nini? Code de la famille ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema kila mtoto anapaswa kuwa na baba, na hakuna mwenye haki ya kumukana mtoto wake, azaliwe mu ndoa ao inje. Mtoto wa inje anariti pamoja na wale wa ndoa, lakini kama baba alimutambulisha angali mzima. Hii ndiyo wanaita affiliation. Baba akienda kaburini na siri yake, mama wa mtoto anabaki kuzunguka tribunali, na feza inagawanywa bila yeye.

Wengine watajibu: "Nikisema, bibi ataniacha, tena sheria inaazibu uzinzi." Ni kweli, inaazibu, na bwana ni sawa na bibi mbele yake. Sisemi itakuwa mwepesi. Bibi ana haki ya kukasirika, ana haki hata ya kwenda. Lakini ni afazali asikie kwa kinywa chako kuliko kando ya sanduku la maiti, mbele ya majirani, wakati hawezi tena kukuuliza kitu.

Ba mama, nanyi ninawaomba: hasira iende kwa mwenye kosa, isimwangukie mtoto. Yeye hakuchagua mlango aliopitia.

Na ninyi wakubwa wa kampuni, hamuko mbali na jambo hili. Tunaomba nyumba za familia karibu na kazi, ao mapumziko ya kutosha, juu ndoa haiishi kwa simu.

Ndugu, sendika inaweza kukutetea mbele ya patron. Mbele ya bibi yako utasimama peke yako. Kwa hiyo, mapumziko haya, anza na kusema kweli nyumbani, kisha upite komini umwandikishe mtoto.