Gari Halina Ulimi, Lina Mlio



 Leo tutazungumzia jambo ambalo huenda wasomaji wetu hawakulitarajia kwa sheikh, nalo ni milio ya gari kuukuu. Lakini gari lenyewe hubeba watoto wa madrasa, na watoto ni amana.

Sisi tulitoka pwani tukaja kusomesha hapa Kakamega. Gari letu ni Toyota Hiace ya zamani, lililonunuliwa kwa michango ya wazazi. Kule kwetu adui wa chuma ni chumvi ya bahari. Huku ni mvua za alasiri na udongo mwekundu. Maji huiosha grisi, matope hukauka ndani ya viungo, na gari huanza kulalamika.

Siku moja tulikuwa tukirejea kutoka Maulidi ya Mumias, mji ambao Uislamu uliufikia kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Mama mmoja aliyeketi nyuma ya dereva akasema, "Maalim, hapa chini ya miguu yangu kuna kitu kinagonga kila breki zikishikwa." Dereva akacheka, "Mama, gari la umri huu lazima liseme." Nasi, Mungu atusamehe, tukacheka pamoja naye. Kesho yake tukamwambia fundi alitie gari grisi. Mlio ukanyamaza, tukafurahi.

Hazikutimia wiki mbili mlio ukarudi, tena mzito zaidi. Fundi wa pili akaliinua gurudumu, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Boljointi ya chini ilikuwa imelika na mpira wake umepasuka. Akatuambia, "Sheikh, hii ikichomoka gurudumu linalala, na usukani hausikii tena." Tulikaa kimya. Asubuhi ile gari hilohilo lilikuwa limeteremka mlima na watoto 14.

Basi tumejifunza kupambanua. Mlio mwembamba wa kulia polepole, gari lipitapo tuta, aghalabu ni dalili ya ukavu: bushi za mpira zimekauka, au springi za nyuma, vile vyuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu, zinasuguana. Mlio wa kugonga ni dalili ya kulika au kulegea: boljointi, bushi zilizokwisha, au bolti za springi. Na gari likikandamizwa pembeni kisha likaachiliwa, likaendelea kupanda na kushuka zaidi ya mara mbili, shoki zimechoka, yaani zile bomba zinazolizuia lisirukeruke. Tazameni pia kama zimevuja mafuta.

Wakati wa kukagua, gari lisimame mahali tambarare na magurudumu yaliyobaki yawekewe mawe. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekewe stendi madhubuti. Gurudumu likicheza linapotikiswa juu na chini, mtu mwingine akanyage breki. Mchezo ukikoma, tatizo huwa ni beringi. Ukibaki, shukuni boljointi. Likicheza linapotikiswa kushoto na kulia, tazameni viungo vya usukani.

Kutia grisi nako kuna adabu yake. Chuchu ya grisi ifutwe kwanza, la sivyo pampu itausukuma mchanga ndani ya kiungo. Kisha ipigwe taratibu mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane. Bushi za mpira zisipakwe grisi ya kawaida wala oili, kwa kuwa mafuta hayo huuozesha mpira; mafuta ya silikoni ndiyo yanayozifaa. Na kiungo kilichokwisha kulika hakiponi kwa grisi. Grisi hukinyamazisha tu, na kimya chake ni hatari kuliko kelele yake. Dawa yake ni kubadilishwa.

Mtume wetu (s.a.w.) alipomwona ngamia aliyekondeana, tumbo lake limegusana na mgongo, aliwausia watu wamche Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema. Gari si mnyama na halina roho, lakini waliomo ndani wana roho, na kwa mlio wake linatuambia hali yao itakavyokuwa.

Kosa letu halikuwa kutojua ufundi. Kosa letu lilikuwa kumcheka aliyesikia, kisha kuinyamazisha sauti kabla ya kuuliza imetoka wapi. Je, si hivyo tufanyavyo majumbani? Mke analalamika, tunampa zawadi ili anyamaze. Mtoto analia kila asubuhi ya kwenda shule, tunampa peremende. Zawadi ni njema palipo na ukavu. Palipolika, haitoshi, sharti pafunguliwe pakaguliwe.

Tulimwendea mama yule tukamwomba radhi. Sasa kila Ijumaa jioni, kabla ya darasa za Jumamosi, gari huinuliwa na kukaguliwa. Na kila tunaposafiri naye, dereva humuuliza kwanza, "Mama, leo unasikia nini?"